Fungate Haingoji Kahawa

Mimi ni fundi cherehani. Kabla sijaolewa nilikuwa nimeshona magauni ya harusi thelathini na mawili pale Mbinga mjini, kwenye baraza la duka la vitambaa. Bibi harusi akija kupimwa husimama wima, mikono juu, hana pa kukimbilia, na ukimuuliza jambo lazima ajibu. Wote niliwauliza swali moja: fungate lini, na wapi? Na wote walikuwa na jibu. Huyu Songea kwa dada yake, yule Mbamba Bay, mwingine Peramiho kwa sababu mumewe ana shangazi huko. Kisha wote walimalizia kwa maneno yale yale: baada ya kahawa.

Mwaka ukipita walirudi kwangu, safari hii kupanuliwa magauni kwa sababu ya mimba. Nami sina haya, niliwauliza tena. Wengine walicheka, wengine walitazama chini. Kahawa ilipoisha zilikuja mvua, mahindi yakataka kupandwa na kupaliliwa. Yalipotulia ikaja ngoro, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo huyachimba mlimani ili maji yasibebe udongo, na kazi ya kuchimba ni ya mwanamke. Ngoro ilipoisha yakaja maharage, na maharage hayajakauka vizuri kahawa imeshaiva tena. Kati ya wale thelathini na wawili, waliokwenda fungate walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa amelazwa hospitali siku nne, akaniambia kwa macho makavu kabisa kwamba yeye anaihesabu.

Basi nikaapa. Sikuapa kanisani, niliapa pale pale kwenye cherehani, pini zikiwa mdomoni. Nikasema mimi Ephrasia, siku nikiolewa, fungate yangu itakuwa wiki ile ile au hakuna ndoa.

Wendelin alikuja kwangu na suruali ya mitumba iliyomzidi miguu. Alikuwa kijana wa kijiji cha Kitura kule milimani, mtoto mkubwa wa Mzee Bartholomayo, mpole, mchapakazi, na akicheka unatamani umchekeshe tena. Nilimpenda haraka kuliko nilivyokusudia. Kasoro yake niliiona mapema na nikajifanya sijaiona: kila neno lake lilikuwa na mtu mwingine ndani. Baba amesema mwaka huu tupande miche mipya. Mjomba anaona bora ng'ombe kuliko baiskeli. Ukimuuliza yeye mwenyewe anaonaje, anakuna shingo.

Kabla hajaleta mshenga nilimwekea wazi. Nilimwambia harusi ni Jumamosi, Jumapili tunapumzika, Jumatatu tunashuka Lituhi, siku saba, mimi na yeye, kwenye nyumba ya wageni ya masista kando ya ziwa. Kama haiwezekani, suruali yake iko tayari, aichukue aende zake. Alicheka, akaona mimi sicheki, kisha akanipa mkono. Nilitaka Lituhi kwa sababu ndiko nilikozaliwa, na nilitaka mume wangu anione mahali ambapo miguu yangu inajua njia.

Tatizo lilikuwa mwezi. Miaka ya mwisho ya chama cha ushirika baadhi ya watu wa milimani walikuwa wameanza kungoja kuoa Novemba, maana malipo ya kahawa yalikuja kwa awamu, na awamu ya maana ilifika wakati miti imeshachumwa yote. Lakini huo ulikuwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano, biashara imefunguliwa, na wanunuzi binafsi walikuwa wakija na magari yao mpaka uwanjani kwa mtu na kulipa papo hapo. Mzee Bartholomayo alifurahi sana. Akatangaza kwamba mwanawe ataoa Agosti, hakuna haja ya kungoja. Wakafurahi wote, nami nikafurahi nao. Hakuna aliyekumbuka kwamba harusi imehama lakini kahawa haikuhama. Agosti miti yote ya Kitura ilikuwa imeinama kwa matunda mekundu.

Tukafunga ndoa Jumamosi. Nilijishonea gauni mwenyewe, na sitasema zaidi kuhusu gauni kwa sababu nitajisifu. Watu walikula, walicheza, na Mama Benadetha, mama mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye mikono migumu na maneno machache, alicheza na mimi mbele ya watu mpaka jasho likamtoka. Nilijisemea kwamba huyu hatanisumbua.

Jumapili jioni wanaume wakakaa sengu. Ukoo ule ulikuwa bado una sengu yake. Jioni wanaume hukusanyika kwenye uwanja wa mzee wao, kila nyumba inaleta chakula chake, wanakula pamoja, na wakishanawa mikono wanaamua mambo ya watu ambao hawapo hapo. Mimi na Mama Benadetha tulibeba ugali na maharage, tukaweka, tukaondoka kama desturi inavyotaka. Nilikuwa nimeshafunga begi langu.

Wendelin aliporudi hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akaniambia sengu imezungumza kuhusu safari yetu. Kahawa imeiva kwa pamoja mwaka huu, wanunuzi wanapita kila Alhamisi, mikono miwili ikipungua tunda linaanguka chini na kuoza. Sengu imeona ni busara fungate ije baada ya kahawa. Baba amesema hata yeye hapingi fungate, anapinga wakati tu. Mjomba Nazari alikuwa ameongeza kwamba subira huvuta heri.

Nilimwambia ampelekee mjomba salamu, na amwambie kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Kisha nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ile ya suruali.

"Wewe Wendelin, unasemaje?"

"Sengu imesema..."

"Nimewasikia wote. Sasa nakusikiliza wewe."

Akakuna shingo. Nilimngoja muda mrefu, na nakiri nilikuwa namwombea Mungu amfungue mdomo, hata kama ni kunitukana. Nilihisi uchungu mpaka kwenye meno, kwa sababu nilielewa kwamba kama leo ameamuliwa fungate, kesho ataamuliwa jina la mtoto, na kesho kutwa ataamuliwa kama mimi nishone au nisishone. Nilimwambia lori la samaki linashuka Lituhi kesho asubuhi, na mimi nitakuwa ndani yake. Nikamwambia nitalipia chumba cha watu wawili. Kitanda cha pili ni chake.

Asubuhi aliamka kabla yangu akaenda shambani. Nilivaa, nikachukua begi, nikapita katikati ya kahawa kwa sababu hakuna njia nyingine ya kufika barabarani. Mama Benadetha alikuwa anachuma, kikapu kimefungwa kiunoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku vidole vyake havisimami. Akauliza naenda wapi na begi. Sikutaka kudanganya. Nikamwambia naenda fungate.

"Na nani?"

"Na mume wangu, Mama. Yeye atanifuata."

Alinitazama begi, akanitazama uso, akatazama miti iliyobaki mpaka chini kabisa kwenye kijito. Nilijiandaa kwa maneno. Akasema tu kwamba lori lile huwa linajaza, niwahi nafasi ya mbele, nyuma kuna vumbi. Kisha akarudi kwenye matunda yake, nami nikatembea haraka kabla machozi hayajanitoka mbele ya mkwe.

Lori lile lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Lituhi. Lilishuka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kupanda na samaki wakavu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Tulifika jioni. Sista Hildegardi, aliyekuwa anatunza nyumba ya wageni, alifungua daftari akaniuliza chumba cha mtu mmoja au wawili. Nikasema wawili. Akatazama nyuma yangu, hakuona mtu. Akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema anakuja. Akaandika, lakini kalamu yake ilienda polepole sana.

Sasa nieleze kosa langu, maana kosa lilikuwepo. Katika mipango yangu yote nilikuwa nimesahau mila ya kwetu. Kwetu, binti akishaolewa, mara ya kwanza kukanyaga uwanja wa wazazi wake lazima aje na mumewe. Akija peke yake, tena wiki ile ile ya harusi, amerudishwa. Baba yake hana budi kuwaita wakwe na kuuliza binti ana kasoro gani. Mimi niliyewapima maharusi thelathini na wawili sikulikumbuka hilo mpaka Jumanne asubuhi, nilipokuwa natembea kwenda kumsalimia mama yangu Gertruda, na yeye akanikimbilia mbele, viganja vimenyooshwa kunizuia, hatua kumi kutoka kwenye ua.

Alinizuia hapo hapo barabarani. Aliuliza amekupiga? Nikasema hapana. Amekufukuza? Hapana. Basi mumeo yuko wapi? Nilipomweleza, alishika kichwa, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akaniambia nirudi kwa masista na nisionekane hapa, baba yangu akiniona itabidi atume ujumbe Kitura na habari itakuwa imeharibika. Akaniambia pia kwamba tangu utoto wangu mimi nikishika jambo ni kupe. Saa sita mchana alikuja mwenyewe na bakuli la samaki wa ziwani, mbasa wa kuchemsha, lililofunikwa kwa kitambaa, akaliweka mlangoni kwangu, akaondoka bila kuingia, kama mtu anayemletea mgonjwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Hivyo ndivyo nilivyokaa fungate yangu, siku ya kwanza na ya pili: bibi harusi mmoja, vitanda viwili, hana kwa mume, hana kwa wazazi. Wanawake waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwa letu, mchangani walinisalimia vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Nilijua wananizungumzia. Nilipotembea ufukweni nilitembea kichwa juu, nikirudi chumbani nilijifunika shuka na kumtukana Wendelin kwa majina yote niliyoyajua, halafu namwomba aje. Lakini kurudi sikutaka. Nilijua nikipanda lori la Alhamisi peke yangu, nitakuwa nimeolewa na sengu nzima.

Jumatano jioni lori lilipofika nilikwenda kusimama pale linaposhusha watu. Niliangalia mmoja mmoja. Wa mwisho kushuka, mgongo kwanza, mguu ukitafuta ardhi, alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa amevaa kitenge cha harusi, kile kile cha Jumamosi, mweupe kwa vumbi kuanzia kichwani. Yeye alikuwa amekaa nyuma ya lori.

Nilipiga goti nikamwamkia. Akaitikia, akaeleza pale pale, mbele ya watu, kama anavyoeleza bei ya maharage. Mwanamume hawezi kumfuata mke aliyeondoka mwenyewe, ni aibu kwa ukoo. Kwa hiyo sengu imemtuma yeye. Ametumwa anichukue, turudi kesho asubuhi.

"Mama, sitarudi," nikasema. "Nisamehe. Nitarudi Jumanne, fungate ikiisha."

"Nami nimetumwa nirudi na wewe. Bila wewe sirudi."

Tukatazamana. Nilitafuta hasira usoni mwake sikuiona, niliona uchovu na kitu kingine ambacho sikukifahamu. Akaniuliza kama huko kwa masista kuna maji ya kuoga. Nikambebea kifurushi chake. Na hivyo kitanda cha pili, nilichomlipia mume wangu, alikilalia mama yake.

Sista Hildegardi alipotuona wawili alifungua daftari tena. Aliuliza kama huyu ndiye mwenzangu niliyekuwa namngoja. Mama Benadetha akajibu kabla yangu kwamba kwa sasa ndiye.

Alhamisi asubuhi lori likapiga honi, likapanda bila sisi. Mama alikuwa amesimama kwenye maji mpaka magotini, kitenge amekipandisha, anayatazama. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini na hakuwahi kuligusa ziwa. Kule kwao siku za hewa safi aliliona kutoka kwenye mgongo wa mlima, jembe mkononi, mstari mweupe chini mbali. Aliteka maji kwa kiganja akanywa, akashangaa hayana chumvi. Alikuwa amesikia watu wakisema ziwa ni kama bahari. Nilimwambia waliosema hivyo hawajalinywa, akacheka kidogo, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu tulipocheza harusini.

Siku ile tulifua nguo pamoja kwenye mawe. Mikono yake haikujua kukaa bure. Alizifua nguo zetu, akafua shuka za masista, akataka kuwasaidia wale wanawake kugeuza usipa. Mchana mama yangu alileta bakuli, safari hii kubwa, na alipomwona mkwe mwenzake amekaa mlangoni alitaka kukimbia. Mama Benadetha akamwita, akamwambia binti yake hakurudishwa na wala hana kasoro, ila ana kichwa kigumu, na kichwa kigumu si kasoro kwa mwanamke atakayelima ngoro. Wakala pamoja. Mimi niliwapakulia.

Jioni, jua likiwa bado juu ya milima ya ng'ambo, tulikaa mchangani na nikamwuliza kwa nini amekubali kutumwa. Alichambua mchanga kama anachambua maharage. Kisha akanieleza. Yeye na Mzee Bartholomayo walifunga ndoa mwaka sitini na tano. Bartholomayo wakati ule alikuwa kijana aliyefika mpaka Liuli ziwani na kurudi, akamwahidi kumpeleka kuona ziwa. Sengu ikasema baada ya kahawa. Hakukasirika, kwani ilikuwa kweli kahawa imeiva. Mwaka uliofuata alikuwa na mimba ya Wendelin mwingine, aliyekufa kabla mume wangu hajazaliwa na kumwachia jina. Mwaka mwingine ngoro ya mama mkwe wake. Bartholomayo hakukataa hata siku moja. Alisema tu baada ya kahawa, na alisema kwa upendo.

"Kahawa haina baada," akasema. "Miaka thelathini nimeichuma, sijafika mwisho wake. Juzi waliponituma nikawaambia sawa. Nikaona hii ndiyo safari yangu, wamenipa wenyewe bila kujua."

Nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nimemwona kama kikwazo. Nikamwuliza kama basi atanisaidia, amwambie Wendelin aje akae. Akatikisa kichwa. Alisema mwanawe ametumwa tangu alipoanza kutembea, na waliomtuma ni pamoja na yeye mama yake. Kumtuma tena hakutamponya.

Ijumaa jioni Wendelin akafika. Alikuwa amekonda kwa siku nne, au mimi ndiye niliyetaka awe amekonda. Alimwamkia mama yake, akanitazama mimi, akatazama mchanga. Akaanza kueleza hali ya nyumbani, na nilishindwa kujizuia, nilicheka. Tangu Jumatano nyumba yao haikupeleka chakula sengu kwa sababu hakuna wa kupika. Sengu ilikuwa imekula kwa zamu ya nyumba nyingine, mzee akiona aibu kula vya watu mikono mitupu, mpaka jana akapika mwenyewe maharage yaliyoungua. Kahawa ilichumwa robo. Sengu imekaa ikaona hali ni mbaya, aibu au si aibu, na Baba amesema yeye Wendelin aje kutuchukua wote wawili, lori la kesho asubuhi.

Mama akamwuliza jambo moja. Amekuja kwa kutumwa, au amekuja mwenyewe?

Akakuna shingo, akasema ametumwa.

Nilitamani asingelisema, ingawa ndiyo ilikuwa kweli. Nilimwambia kwamba nimefurahi kumwona, na kwamba mimi siendi na mtu aliyetumwa. Kuna siku tatu zimebaki. Kama anazitaka, azitake yeye. Kama hazitaki, apande lori kesho na mama yake, na mimi nitapanda Jumanne, nisimame mbele ya sengu yao na kusema mwenyewe kilichonirudisha mjini kwenye cherehani yangu. Sikuwa natishia. Nilikuwa nimeshafikiria na moyo ulikuwa umeshavunjika mara moja, niliona mara ya pili nitaweza.

Usiku ule alilala kwenye chumba cha mafundi nyuma ya kanisa.

Asubuhi Mama alifunga kifurushi chake na mbasa wakavu watatu wa Mzee Bartholomayo. Alisema yeye anapanda. Ameliona ziwa, amelinywa, na kama wanataka kumlaumu kwa kurudi bila mimi, watamlaumu wakiwa wameshiba kwa sababu atakuwa amepika kwanza. Tulimsindikiza. Wendelin alibeba kifurushi, na nikaona ana begi lake begani pia. Nilitembea tu, nikihesabu hatua ili nisilie.

Dereva alimpa Mama nafasi ya mbele. Aliketi, akafunga mlango. Wendelin akasimama kando ya tairi la nyuma, mkono mmoja umeshika bodi, mguu mmoja uko juu ya tairi. Akamtazama mama yake kupitia dirishani.

"Mama, nifanye nini?"

"Mimi sikuambii," akasema. "Nikikuambia ubaki, utakuwa umebaki kwa sababu nimekutuma. Mwenzio atakukuta pale pale ulipokuwa."

Dereva akawasha injini. Watu walikuwa wamejaa, samaki wamejaa, mtu mmoja juu akamwambia Wendelin apande au atoke. Alibaki vile vile, mguu mmoja juu na mwingine chini, na uso wake ukawa uso wa mtu anayebeba kitu kizito peke yake kwa mara ya kwanza na hajui akishike wapi. Sikumwita. Nilikuwa nimeuma mdomo mpaka nikaonja damu. Lori likaanza kusogea taratibu.

Akatoa mguu juu ya tairi. Akatembea haraka kando ya lori, mpaka dirishani kwa mama yake, akalishika.

"Mwambie Baba tutarudi Jumamosi ijayo. Siku saba, kuanzia leo. Kahawa itakayoanguka ianguke, nikirudi nitaiokota."

"Akiniuliza nani kasema?"

Akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kwa mazoea, jina la mtu.

"Nimesema mimi," akasema.

Mama Benadetha alimtazama kama anamwona anazaliwa. Kisha akaugeuza uso mbele, akamwambia dereva aongeze mwendo, vumbi lisiwafikie watoto.